Mteja Huyu Ametoka Wapi?

Zamani, kabla simu haijawa duka, wafanyabiashara wa Barabara ya Kilwa, kuanzia Kurasini na viwanja vya Sabasaba, kupita Mtoni kwa Aziz Ali na Mtongani, hata kufika Mbagala Rangi Tatu, walikuwa na njia zao za kuwaita wateja: kipaza sauti juu ya gari lililokwenda mwendo wa pole, kitambaa kilichoandikwa kwa rangi na kufungwa nguzo kwa nguzo, kadi zilizogawiwa kwa wageni wa maonyesho ya biashara kila mwezi wa Julai, na mpiga debe aliyelipwa kwa siku asimame mlangoni. Kila njia ilikuwa na gharama iliyojulikana kwa yakini na faida iliyokisiwa tu. Mimi, ambaye riziki yangu kwa miaka mingi imetokana na kushika madaftari ya hesabu ya wenye maduka na karakana za Temeke, nilizoea kuandika gharama hizo katika safu ya matumizi na kuiacha tupu nafasi iliyo mkabala nayo, kwa sababu hapakuwa na mtu aliyeweza kuniambia ni shilingi ngapi zilizoingia kwa ajili ya kipaza sauti, na ni ngapi zilizoingia kwa ajili ya mwisho wa mwezi.

Mwaka 2008 Vodacom ilipoanzisha M-Pesa hapa Tanzania, na mwaka uliofuata waya wa mtandao wa Seacom ulipofikishwa Dar es Salaam kwa njia ya chini ya bahari, mambo mawili ambayo tangu kuwapo kwa tijara yalihitaji watu kukutana uso kwa uso, yaani kuonyesha bidhaa na kupokea thamani yake, yalianza kusogeleana katika kiganja cha mkono mmoja. Haukupita muda mrefu kabla Facebook, kisha Instagram, kisha programu ya WhatsApp ya biashara iliyotolewa mwaka 2018, hazijawa soko la watu wasio na fremu Kariakoo wala kibanda Tandika. Nalisema hili kwa furaha, maana nimewaona wanawake wa Kijichi na Mtongani, ambao kodi ya fremu ingewazuia daima wasifanye biashara, wakijenga nyumba na kusomesha watoto kwa kuuza vitu vilivyopangwa sebuleni. Sina shaka kwamba mtandao unauza. Ninachotaka kukieleza ni jambo lililo gumu zaidi: kujua umeuza kiasi gani, kwa gharama gani, na ni kiasi gani kingalinunuliwa hata kama usingekuwapo.

Ugeni wa matangazo ya mtandaoni ulikuwa kwamba yalikuja yameandamana na hesabu zake yenyewe. Simu humwambia mwenye tangazo limewafikia watu wangapi, wangapi wameweka alama ya moyo, wangapi wameanza kuufuata ukurasa. Na mtu aliyezoea kukisia hujiona amepewa mizani. Lakini mizani hiyo imo mkononi mwa muuzaji wa tangazo, naye hupima kile anachokiuza, yaani macho ya watu, ilhali mwenye duka anataka kupimiwa kile kinachobaki katika kisanduku cha fedha baada ya madeni kulipwa. Tena si kila mara kipimo hicho kimekuwa sahihi hata kwa kile kinachodai kukipima. Mwaka 2016 kampuni ya Facebook ilikiri kwamba kwa takriban miaka miwili wastani wa muda ambao watu waliutumia kutazama video ulikuwa umekuzwa, kwa sababu walioacha kutazama kabla ya sekunde 3 hawakutiwa katika hesabu ile; na mwaka uliofuata Procter & Gamble, mojawapo ya makampuni yanayotangaza zaidi duniani, ilipunguza zaidi ya dola milioni 100 za matangazo ya mtandaoni katika robo moja ya mwaka, isione athari kubwa katika mauzo yake. Kampuni kama hiyo yaweza kupoteza fedha na kuendelea kuishi. Mama wa Kijichi akipoteza laki moja na nusu, amepoteza ada ya mtoto.

Jirani yangu mmoja, mama mtu mzima mwenye sauti ya upole na kumbukumbu isiyosahau deni, huuza madera, mitandio na vitenge. Mwaka mmoja alinijia baada ya Idi akiwa na simu mkono mmoja na daftari mkono wa pili, na uso wake ulikuwa umekunjuka kwa matumaini.

"Shikamoo mzee wangu," alisema. "Ramadhani yote hii nimesponsa, na mauzo yamepanda maradufu. Nataka nichukue mkopo wa kikoba nisponse zaidi."

"Marahaba, mama, hongera. Na Ramadhani ya mwaka jana, ulipokuwa hujalipia tangazo lolote, mauzo yalikwendaje?"

Alifunua kurasa za nyuma, akaifuata safu kwa kidole, kisha akaketi. Katika kumi la mwisho la Ramadhani iliyotangulia, bila ya tangazo lolote la kulipia, mauzo yake yalikuwa yamepanda kwa kiasi kilichokaribia kilekile.

Sikumwambia kwamba tangazo lake halikuzaa kitu, kwa kuwa hilo nalo lingekuwa neno lisilo na ithibati. Nilimwambia kwamba miezi ina tabia zake, na kwamba anayelinganisha Ramadhani na Shaabani, au wiki ya mishahara na wiki iliyoitangulia, au siku za jua na siku za masika ambapo njia za ndani za Mtoni hujaa maji na mtu hatoki nyumbani ila kwa dharura, hulipa tangazo sifa ambayo ni ya kalenda. Kipimo cha kwanza cha insafu ni kulinganisha msimu na msimu mwenziwe. Mfanyabiashara asiyekuwa na daftari la mwaka jana hana cha kulinganisha, na kwa hiyo hana njia ya kujua, hata awe na wafuasi elfu hamsini.

Tukaketi barazani tukatengeneza hesabu moja, ambayo naiandika hapa kwa tarakimu nilizozilainisha ili msomaji aifuate bila ya taabu. Madera 30 yaliyonunuliwa na watu waliosema wameliona tangazo, kila moja kwa shilingi 25,000, yalileta shilingi 750,000. Na hapo ndipo wengi huishia, wakasema laki moja ya tangazo imezaa laki saba na nusu. Lakini kila dera lilikuwa limenunuliwa Kariakoo kwa 18,000, hivyo 540,000 ni za mtaji unaorudi mahali pake, na faida ghafi ni 210,000. Kutoka humo toa 100,000 ya tangazo lenyewe, toa 40,000 ya bando na ya ujira wa binti anayepiga picha na kujibu maswali, toa 30,000 ya bodaboda za kuwapelekea wateja wa mbali: gharama zote ni 170,000, na kilichobaki ni 40,000. Yaani kila shilingi 100 alizozitumia zilirudi na nyongeza ya shilingi 23 na ushei. Hiyo ni faida ya halali isiyofaa kudharauliwa, walakini haifanani hata kidogo na laki saba na nusu iliyomfanya afikirie mkopo.

Kisha nikamwomba asome majina. Miongoni mwa wanunuzi wale 30 walikuwamo 10 ambao ni majirani, wenzake wa kikoba na wateja wake wa miaka mingi, watu ambao wangalinunua hata kama simu zao zingalikuwa zimezimwa tangu mfungo uanze. Tulipowatoa hao, tangazo lilibaki na wateja 20, na faida ghafi yao ni 140,000 dhidi ya gharama ya 170,000. Hesabu imegeuka kuwa hasara ya 30,000.

Mama aliufunga mdomo kwa mtandio, nami nilimzuia asikate tamaa, maana daftari lilikuwa halijasema neno lake la mwisho. Mteja mgeni aliyeridhika hurudi, na arudipo hahitaji kutangaziwa tena. Ikiwa katika wale 20 watakuwapo 8 wanaonunua mara mbili nyingine kabla mwaka haujaisha, hayo ni madera 16 na faida ghafi ya 112,000, na ile hasara ya 30,000 imekuwa faida ya 82,000. Kwa hiyo swali la kama tangazo limelipa haliwezi kujibiwa siku ya Idi pili; hujibiwa miezi baadaye na mtu aliyeyaandika majina ya wageni na kuyafuatilia. Na jawabu lake hutegemea sana mambo yasiyohusiana na simu, kama vile rangi ya dera kutochuja, mzigo kufika siku iliyoahidiwa, na muuzaji kumrudishia mteja fedha bila ya maneno pale kipimo kilipokataa.

Tangu hapo tuliongeza safu katika daftari, yenye kichwa cha maneno mawili: ametoka wapi. Ni fikra kongwe. Claude Hopkins, Mmarekani aliyeandika kitabu chake juu ya elimu ya matangazo mwaka 1923, mwaka uleule ambao gazeti la Mambo Leo lilianza kutolewa hapa Dar es Salaam, aliwasisitizia wafanyabiashara watie katika kila tangazo la gazeti kipande cha karatasi cha kukatwa na kurudishwa, chenye alama ya kutambulisha kimetoka gazeti gani, ili fedha ifuatwe mpaka kwenye chanzo chake. Sisi wa Mtoni hatukuwa na haja ya kukata karatasi. Mama alichukua Lipa Namba mbili za kupokelea malipo ya simu, moja akaiandika mlangoni, na ya pili akaitia katika tangazo tu. Na kila jioni taarifa za miamala zilijigawa zenyewe mafungu mawili. Waliolipa fedha taslimu waliulizwa kwa adabu, "Dada, umetufahamu kwa nani?", na jawabu likaandikwa hapohapo kabla halijasahauliwa.

Njia hiyo inasaidia mno, lakini yafaa ijulikane mpaka wake. Mtu huweza kusikia habari za duka kwa shangazi yake msibani, akalitafuta Instagram usiku ili aone bei, akakutana na tangazo lililolipiwa, akaja kesho yake akasema kwa moyo mweupe kwamba ametoka Instagram. Hakusema uongo. Aliyemleta ni shangazi, na mtandao ulimwonyesha njia tu. Mahali petu hapa pana mfano wake: Mtoni kwa Aziz Ali ni jina la Mzee Aziz Ali, baba yake Dossa Aziz aliyekuwa miongoni mwa waasisi wa TANU mwaka 1954, na hata leo binti auzaye viatu kwa simu humwelekeza mteja wake ashuke kituo hicho, akilitumia kila siku jina ambalo hakuna aliyelilipia. Sifa za namna hiyo zinafanya kazi kubwa katika biashara, nazo huwa hazina safu yake.

Jambo lililotufungulia njia ya kupima zaidi lilikuja bila ya sisi kulipanga. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilikatika upande wa kusini wa bara letu, na kwa siku kadhaa mtandao wa Tanzania ulikuwa wa kusuasua, picha hazifunguki, ujumbe haufiki. Wafanyabiashara walilalamika, na walikuwa na haki ya kulalamika. Mimi niliwaomba wale ninaowashikia hesabu waandike mauzo ya siku zile kwa uangalifu kuliko siku nyingine zote, kwa kuwa tulikuwa tumeonyeshwa kitu kisichoonekana katika siku za kawaida, yaani jinsi duka litakavyokuwa tangazo likiondolewa. Mwokaji wa keki wa Kijichi, ambaye wateja wake wote humjia kwa picha anazoziweka katika status, alikaa karibu bila kazi. Jirani yangu wa madera aliuza pungufu, ila upungufu ulikuwa mdogo kuliko alivyoogopa, na wale waliokosekana hawakuwa watu wa Mbagala wala wa Mtongani. Waliokosekana ni watu wa Kigamboni na wa mikoani.

Baadaye nilisoma kwamba wenye elimu walikuwa wamekwisha kufika hapo kwa makusudi. Wachumi watatu, Thomas Blake, Chris Nosko na Steven Tadelis, walifanya majaribio katika kampuni ya eBay kwa kuyazima matangazo yake ya kulipia katika programu za kutafutia habari, yakazimwa sehemu fulani za Marekani na kuachwa sehemu nyingine, kisha wakalinganisha mauzo. Na matokeo waliyoyatoa mwaka 2015 yalionyesha kwamba wanunuzi waliokwisha kulizoea soko hilo waliendelea kununua vilevile, kwa kuwa walipata njia nyingine ya kulifikia bila ya malipo, ilhali wageni na wale wanaonunua kwa nadra ndio walioathiriwa na kuwapo kwa tangazo. Na sehemu kubwa ya fedha ilikuwa ikiwaendea wale wasioihitaji. Niliposoma hayo niliyaona majina ya wale wateja 10 wa barazani. Kampuni ya dunia nzima na jirani yangu wa madera walikuwa wakilipa kwa sababu moja: kuwaita watu waliokwisha kuwa mlangoni.

Basi nasi tulijaribu kwa kadiri ya uwezo wetu. Kwa wiki moja tangazo lililipiwa kwa watu wa Mbagala na kuzimwa kwa watu wa Kigamboni. Wiki iliyofuata ikawa kinyume chake. Tukarudia hivyo kwa miezi iliyo mbali na Ramadhani, tukiziruka siku za mishahara. Mipaka ya maeneo hayo katika simu haikuwa kamili, na biashara ya mtu mmoja ni ndogo mno kutoa jawabu lisilo na shaka, lakini picha iliyojitokeza ilikuwa ileile ya siku za nyaya kukatika: watu wa Mbagala walikuja tangazo likiwapo na lisipokuwapo, na wa Kigamboni walikuja pale tu walipoitwa. Daraja la Kigamboni lililofunguliwa mwaka 2016 limewafanya wawe karibu nasi kwa pikipiki, ila bado hawapiti barazani kwetu wakaona nguo zilizotundikwa, na kwa hiyo simu kwao ndiyo dirisha la duka.

Hapo ndipo hesabu ya safari ilipoingia, nayo katika mji mkubwa kama huu ni nusu ya jambo lote. Tangazo lisilowekewa mpaka humwendea mtu wa Bunju au Tegeta kwa urahisi uleule limwendeao mtu wa Tandika, na yule wa Bunju huvutiwa, huuliza bei, hukubali, kisha bodaboda ya kutoka Mtoni kuvuka mji mzima hula faida yote ya dera moja na pengine kugusa mtaji. Muuzaji wa Kinondoni au Sinza anaweza kumhudumia mteja huyo akapata kitu. Wa Mtoni hawezi. Kwa upande wa pili, mabasi ya kusini hupakia Mbagala, hatua chache kutoka kwetu, na mzigo wa kwenda Lindi, Mtwara au Masasi ukifungwa pamoja hugharimu kidogo kwa kila nguo, tena wanunuzi wa huko aghalabu ni wanawake wauzao kwao, wanaochukua kwa dazeni na kulipa kabla mzigo haujapakiwa. Mama aliyaondoa matangazo yake Bunju, akayaondoa Mbagala, akayapeleka Kigamboni na mikoa ya kusini. Fedha aliyoilipa ilipungua, na safu ya wageni wanaorudi ikarefuka.

Zipo gharama nyingine ambazo nimeziona zikisahauliwa karibu kila mahali. Sheria ya Fedha ya mwaka 2022 iliyahusisha na kodi makampuni ya nje yanayotoa huduma za kielektroniki hapa nchini, na kwa kiwango cha asilimia 18 cha kodi ya ongezeko la thamani kilichokuwapo, tangazo lililoonekana kuwa la 100,000 lilikuwa ni la 118,000. Juu yake kuna tofauti ya kubadilisha shilingi kuwa dola. Kubwa kuliko hizo ni saa za mtu. Mwenye duka anayejibu "bei gani?" kutoka magharibi hadi usiku wa manane, akiwajibu watu ambao wengi wao hawatarudi, ametoa kazi ambayo angeilipia mshahara kama ingefanywa na mwingine, na mimi nahimiza saa hizo ziandikwe kwa thamani yake hata kama mwenyewe hajilipi. Nimewaona wanawake wenye bidii wakichoka, wakaugua, wakiamini biashara inalipa, kwa sababu tu usingizi wao haukuandikwa popote.

Makochi na vitanda vina hesabu nyingine. Fundi mmoja wa Keko, seremala hodari wa mninga na mkongo, alimwajiri kijana kuendesha ukurasa wa karakana, akampa mshahara wa mwezi na kumtaka alete wafuasi. Kijana alipiga picha nzuri, wafuasi wakaongezeka, na baada ya miezi kadhaa fundi aliniita akiwa amekwisha kukata shauri la kumwondoa. "Ameniletea watu wa kutazama," alisema, "wa kununua simwoni." Nilimwomba asubiri, kisha nikamtaka amuulize kila mteja swali jingine badala ya lile la ametoka wapi: picha ya kochi hili uliiona lini? Majibu yalimshangaza. Mtu aliyelipa Agosti alikuwa ameihifadhi picha tangu Machi, akingoja zamu yake ya kupokea mchezo. Mwingine alingoja nyumba yake ipigwe plasta. Wa tatu alikuwa bibi harusi ambaye tarehe ilisogezwa. Dera hununuliwa kwa hamu ya siku ile. Kochi hununuliwa kwa fedha iliyokusanywa polepole, na anayepima tangazo la kochi kwa mauzo ya mwezi uleule humhukumu mpanzi wa Machi kwa ghala la Machi.

Jambo hili lilinigusa kuliko yote, kwa sababu hapa palikuwa na riziki ya kijana. Vijana wengi wa Temeke sasa wanaishi kwa kazi hii ya kuendesha kurasa za wengine, na wanalipwa kwa kipimo kisichokuwa na uhusiano na kazi yao: wakileta wafuasi wa kununuliwa husifiwa, na wakileta wateja wanaokuja baada ya miezi mitano hufukuzwa mwezi wa nne. Kupima sawasawa ni haki ya mwenye mtaji, nayo ni haki ya mfanyakazi pia, na nilimwambia fundi maneno hayo mbele ya kijana mwenyewe.

Tuliketi watatu juu ya mbao tukapatana. Kijana angepata ujira mdogo wa kudumu kila mwezi, na juu yake fungu la faida ghafi ya kila oda ya mteja mgeni, picha iwe ya mwezi huu au ya mwaka jana. Fungu litolewe katika faida wala lisitolewe katika bei, ili naye asimsukume fundi kuuza kwa hasara. Daftari lingekuwa wazi kwake wakati wowote. Kijana alikubali, kisha akaomba kwa heshima sharti moja.

"Mzee, naomba ziandikwe pia oda zilizokataliwa na zilizochelewa. Mteja akija kwa picha yangu, akangojeshwa kochi miezi miwili, akaenda kwa fundi mwingine, isije ikasemwa tangazo halikuleta mtu."

Fundi hakulipenda neno hilo mara moja, lakini ni mtu wa haki, akachora safu hiyo kwa kalamu yake mwenyewe. Kufikia mwisho wa mwezi uliofuata ilikuwa na majina mengi kuliko safu ya wateja wapya, na fundi akaajiri mshonaji wa pili wa makochi kabla hajaongeza hata shilingi moja ya matangazo.